Dada nesi, na sisi weusi tunapaka?

Wanafunzi, poleni na mitihani. Wazazi, najua mmeshaanza kuulizwa kila jioni likizo inaanza lini. Mwezi uliopita tuliongea kuhusu homa za watoto. Mwezi huu nazungumzia jua, kwa sababu ya swali nililoulizwa sokoni.

Jumamosi moja nilikuwa Matongé, pale Ixelles karibu na Porte de Namur, nikitafuta mihogo na samaki wa chumvi. Mama mmoja wa Bukavu, tunayefahamiana kwa salamu, akanivuta pembeni na kunionyesha karatasi aliyopewa kwenye kituo anakomwacha mtoto akienda kazini. Ilikuwa orodha ya vitu vya kuleta kwa ajili ya kiangazi: kofia, losheni ya jua yenye kinga ya 50, chupa ya maji, na kila kitu kiandikwe jina.

"Dada nesi," akasema, "na sisi weusi tunapaka? Au wamesahau mtoto wangu ni nani?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nilicheka, lakini kidogo, kwa sababu miaka miwili iliyopita ningemjibu, "Achana nao." Leo siwezi. Ngoja niwaeleze kwa nini, ingawa habari yenyewe inanitia aibu.

Ilikuwa siku ya Julai. Mimi, mume wangu na binti yetu, aliyekuwa na miaka mitatu, tulipanda treni asubuhi kwenda Oostende. Mtoto wangu ana rangi ya maji ya kunde, si mweusi kama mimi. Mbingu ilikuwa na mawingu mepesi na upepo wa bahari ulikuwa unavuma mpaka nikamvalisha sweta tuliposhuka. Baadaye akalivua, akabaki na nguo ya kuogelea yenye mikanda mabegani. Alichimba mchanga, akakimbilia maji, akarudi, akachimba tena. Kofia ilikuwa nyumbani. Losheni sikuwahi kununua. Nilijiambia, sisi ni watu wa Tanga, jua la Ubelgiji litatufanya nini?

Jioni ndani ya treni alianza kulia kila mkanda wa begi ulipomgusa. Nikasema ni mchanga. Nyumbani nikamwogesha, akapiga kelele maji yalipofika mabegani. Nilimtazama, sikuona wekundu, nikasema ni uchovu. Saa nne usiku nikaweka kiganja changu mgongoni mwake, nikahisi ngozi inachoma kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Ngozi ilikuwa imekaza na inang'aa. Siku tatu baadaye ilianza kubambuka, na mabegani pakabaki mabaka meusi mpaka karibu na Krismasi.

Mimi ni nesi. Nina diploma ya nyumbani na shahada ya huku. Lakini nilikuwa natafuta wekundu, kwa sababu vitabu vyote nilivyosoma viliandika kwamba ngozi iliyoungua na jua huwa nyekundu. Huo ni wekundu wa ngozi nyeupe. Kwa watoto wetu, usitazame tu: gusa. Ngozi iliyoungua ni ya moto, inauma ikiguswa, imekaza, wakati mwingine inawasha, na siku chache baadaye inakuwa nyeusi zaidi au inabambuka. Mwenye ngozi nyeusi ataungua polepole kuliko Mzungu, lakini ataungua.

Kesho yake nilimpigia mama yangu simu. Nilitegemea ataniambia nimpake maziwa lala na yaishe. Badala yake akanyamaza, kisha akauliza, "Mlitoka naye saa ngapi?"

"Tulifika pwani saa tano, mama. Tukaondoka saa kumi."

"Saa tano mpaka saa kumi, juani, kichwa wazi?" akasema. "Mwanangu, hata hapa Tanga, lini umeniona nampeleka mtoto Raskazone saa saba mchana?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Nilipokuwa mdogo tulikwenda baharini alfajiri au baada ya alasiri. Adhuhuri watoto tuliitwa ndani. Tulikaa barazani, chini ya mwembe, au tulilazwa kwa nguvu. Mama akitoka na kichanga alimfunika kwa kanga na kupita upande wa kivuli cha nyumba. Bibi alikuwa haendi shambani bila pama lake la ukili. Hakuna aliyetuambia habari za saratani ya ngozi wala mionzi. Yalikuwa maisha tu.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilidhani kilichotukinga nyumbani ni rangi yetu peke yake. Rangi inasaidia, ndiyo: watafiti waliopima walikuta ngozi nyeusi sana ina kinga ya asili inayokaribia losheni ya namba 13, na ngozi nyeupe kama namba 3. Lakini sehemu kubwa ya kinga yetu ilikuwa mwembe, baraza, kanga na saa. Tulipopanda ndege tulikuja na rangi tu. Hapa jua ni adimu, basi likitoka kila mtu analikimbilia na kulala chini yake saa saba mchana, nasi tukaiga.

Sasa tuelewane jua la hapa linavyofanya kazi.

Kinachounguza ngozi si joto, ni mionzi ya UV, ambayo haionekani na haisikiki mwilini. Ndiyo maana upepo wa Oostende ulinidanganya. Mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na mchanga mweupe na maji huirudisha juu kama kioo, kwa hiyo mtoto hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini.

Mionzi hii ina kipimo chake, na ofisi ya hali ya hewa ya Ubelgiji iliyopo Uccle hukitangaza kila siku. Kwenye simu yako utakikuta panapoonyesha hali ya hewa. Shirika la Afya Duniani linashauri tuanze kujikinga kuanzia 3. Hapa Brussels, siku za jua kali za Juni na Julai kipimo hufika 7, hata 8. Kwetu karibu na ikweta hupita 11. Kwa hiyo ni kweli jua la nyumbani ni kali zaidi. Lakini nyumbani hatukai nalo saa tano mfululizo.

Jambo lingine ni saa. Tanga jua hufika utosini kama saa sita na nusu hivi. Brussels, kwa kuwa saa husogezwa mbele wakati wa kiangazi, jua huwa juu kabisa karibu saa nane kasorobo. Wengi wetu tunadhani saa nane jua limeshaanza kulala, kumbe ndiyo adhuhuri yenyewe. Wafundishe watoto kipimo kisichohitaji saa: simama, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta mti. Kikiwa kirefu kuliko wewe, cheza.

Wapo watoto ambao kwao jambo hili si la kuungua tu, ni la uhai. Nilipokuwa nasoma diploma, nilipata nafasi ya kukaa wiki kadhaa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC tangu mwaka 1992. Hapo hapo Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nao hupewa bure kupitia kliniki zao. Ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, na bila kinga jua la Tanzania huwapa saratani ya ngozi wakiwa bado vijana.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja na kijana wake wa darasa la pili. Shati la shule lilikuwa la mikono mifupi, yeye akaliunganishia mikono mirefu kwa kitambaa cha sare kuukuu, mshono wa mkono, safi kabisa. Alituambia aliomba shuleni mtoto asisimamishwe gwaride juani na akae mbele darasani, kwa sababu macho yake pia hayaoni mbali. Kofia aliifunga uzi chini ya kidevu ili isipeperuke. Losheni ilikuwa ya mwisho. Alipaka palipobaki wazi: uso, masikio, shingo, viganja kwa nyuma.

Mpangilio wa mama yule ndio nilioukuta baadaye kwenye vitabu vya shahada yangu huku. Waaustralia, ambao saratani ya ngozi imewatesa sana, walianza mwaka 1981 kufundisha watoto wao kwa kampeni maarufu ya mambo matatu: shati, losheni, kofia. Mama wa Moshi hakuhitaji kampeni. Na wewe mwenye mtoto mwenye ualbino hapa Ulaya, usidanganyike kwamba baridi imemaliza kazi. Kiangazi cha hapa kinamtosha kuungua vibaya. Muone daktari wa ngozi na wa macho mapema, na waeleze walimu kwa maandishi.

Sasa nageuka upande wa pili, kwa sababu najua kuna mzazi amesoma mpaka hapa akasema, "Basi mwanangu simtoi nje tena." Hapana. Jua pia ni chakula.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya shahada, alikuja mama mmoja kijana na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Mtoto alikuwa amechelewa kutembea, na aliposimama miguu ilipinda kwa nje. Kwetu tunaita matege. Vipimo vikaonyesha vitamini D iko chini sana; mifupa ilikuwa laini. Mama akalia. "Nimefanya kosa gani? Kila asubuhi nilimweka dirishani apate jua, kama mama mkwe alivyonielekeza kwa simu."

Mama mkwe hakukosea. Kumtoa mtoto juani asubuhi ni desturi nzuri, Tanga, Kigoma au Bujumbura. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, nayo husaidia mwili kutumia kalisi kujenga mifupa. Kosa lilikuwa kusafirisha ushauri bila kusafirisha jua lake. Hapa Desemba, hata adhuhuri, jua liko chini kabisa, nyuzi kama 16 tu juu ya upeo. Kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi ngozi haitengenezi vitamini D ya maana. Na kioo cha dirisha huzuia ile mionzi inayoitengeneza. Mtoto alikuwa anapata mwanga, lakini mifupa yake ilikuwa haipati kitu. Ngozi nyeusi nayo, kwa kuwa inakinga vizuri, inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile. Kwa hiyo watoto wetu ndio walio hatarini zaidi. Yule mtoto alitibiwa kwa vitamini D na kalisi, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anakimbia kwenye korido.

Dawa yake ni rahisi: matone. Kind en Gezin, wanaohudumia familia zinazotumia Kidachi, wanashauri yuniti 400 za vitamini D kila siku tangu mtoto azaliwe mpaka afike miaka sita, kiangazi na majira ya baridi. ONE, wa upande wa Kifaransa, nao wanazo kliniki za watoto hapa Brussels. Waulize kipimo cha mwanao, kwani mwenye ngozi nyeusi anaweza kuhitaji zaidi. Maziwa ya mama ni bora, lakini vitamini D yake haitoshi. Tafadhali, usimpe mtoto dawa uliyoandikiwa wewe. Zipo chupa ndogo za watu wazima zenye yuniti 25,000 kwa mara moja. Ukimpa mtoto hizo kila siku utamdhuru.

Basi tupange mambo kwa vitendo.

Kwanza kivuli na saa. Kuanzia saa tano hadi saa tisa na zaidi, siku ambayo kipimo kimefika 3, cheza chini ya miti. Bois de la Cambre ipo na ni bure. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiachwe kwenye jua la moja kwa moja hata kidogo.

Pili nguo. Shati jepesi la mikono, na kofia yenye ukingo unaofunika masikio na shingo. Kofia ya kapelo inaacha masikio wazi. Nyanyua kitambaa kwenye mwanga: ukiona upande wa pili vizuri, jua nalo linaona. Fulana ya pamba ikilowa inakinga kidogo kuliko ilivyokuwa kavu. Miwani ya jua ni ya watoto wa rangi zote, kwa sababu jicho halina habari na rangi ya ngozi. Tafuta alama ya CE na maandishi ya UV400, si miwani ya kuchezea.

Tatu losheni, kwa palipobaki wazi. Kwa mtoto chukua namba 50, au isiyopungua 30, na kwenye chupa tafuta herufi UVA ndani ya duara. Paka robo saa au dakika ishirini kabla ya kutoka, paka ya kutosha, rudia kila saa mbili na kila akitoka majini. Msisahau juu ya masikio, nyuma ya magoti, kwenye miguu, na mistari ya nywele zilizosukwa. Mtoto aliyesukwa mabutu ana utosi ulio wazi. Tazama pia ile picha ya kopo lililofunguliwa: ikiandikwa 12M, losheni hiyo ina miezi kumi na miwili tangu uifungue. Ya mwaka juzi tupa.

Baba mmoja aliniambia hataki losheni kwa kuwa "inamchubua mtoto". Hapana, kaka. Losheni ya jua si mkorogo. Ule weupe unaobaki usoni kama amemwagiwa unga ni madini yanayokaa juu ya ngozi, na yanatoka kwa maji na sabuni. Zipo losheni zisizoacha weupe. Muulize mfamasia, pale penye msalaba wa kijani. Mkorogo ni habari nyingine kabisa: wenye haidrokwinoni umepigwa marufuku kwenye vipodozi Ulaya, unaondoa kinga yako ya asili, na haufai kukaa karibu na mtoto.

Nne, kigari cha mtoto. Hapa naomba akina mama wenzangu mnisikilize. Mazoea yetu ya kufunika kwa kanga ni mazuri mtoto akiwa mgongoni au kifuani, unamhisi. Ukifunika kigari chote kwa kanga siku ya joto, hewa haipiti, ndani panakuwa tanuri, na wewe unayesukuma huoni. Tumia mwavuli wa kigari au tembea upande wa kivuli. Na usimwache mtoto kwenye gari lililoegeshwa, hata dakika tano.

Nyinyi wanafunzi mnaolea watoto wa watu wikiendi, neno langu ni moja: ulizeni kabla ya mzazi kuondoka. Losheni iko wapi, mtoto ana mzio wa kitu gani, kofia ni ipi. Mtoto akiungua mikononi mwako, ni wewe utakayeulizwa.

Na akiungua tayari? Mtoe juani, mpoze kwa kitambaa cha maji ya baridi kiasi, si barafu. Mpe maji anywe. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala siagi. Usitumbue malengelenge. Kama ana malengelenge mengi, homa, anatapika, amelegea, au ni mtoto wa chini ya mwaka mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama wa Bukavu nilimjibu hivi: "Ndiyo dada, tunapaka. Lakini kabla ya kupaka, tunatafuta mwembe." Akasema Brussels hakuna miembe. Nikamwambia kuna mikuyu ya Kizungu na miti mingine, kivuli ni kivuli. Akaikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba. Wiki iliyofuata nikamwona kijana wake na kofia ya njano kubwa kuliko kichwa.

Nasi tumesharudi Oostende. Tunafika saa kumi, wenzetu wakikunja taulo zao, na tunabaki mpaka saa mbili usiku, maana kiangazi hapa jua halina haraka ya kuzama. Binti yangu sasa ana miaka mitano na yeye ndiye msimamizi. Mara ya mwisho alimtazama baba yake, akatazama mchanga, akasema, "Baba, kivuli chako ni kifupi." Nilimpigia mama simu nikamsimulia. Akacheka sana, kisha akaniuliza kama na mimi nilivaa kofia.

Mwezi ujao, kwa maombi ya wengi, tutaongea kuhusu watoto wasiotaka kula chakula cha nyumbani. Mpaka hapo, kaeni kivulini, na matone msiyasahau.